Zuu, Wajapani wangu usiwaguse

Zuu shoga angu,

Habari za huko? Huku wazima, mama anakusalimia na anasema umeadimika sana. Ila ukweli sijakaa kuandika kwa ajili ya salamu, umenikera. Ile voisi yako kwamba season za upelelezi za Kijapani "zimepoa", watu wanakaa wanaongea mpaka epsodi inaisha hamna hata ngumi moja, na eti mtu akishaonja za Kikorea hawezi kurudi nyuma, nimeisikiliza jikoni nikawa naijibu peke yangu kama chizi. Sa tulia nikujibu vizuri maana kwenye simu huwa unanikatisha.

Kwanza Wakorea mi nawapenda, usinielewe vibaya. Si mimi ndo nilikulazimisha uangalie Signal ukawa unasema sijui redio inaongea na mtu wa zamani, huo ni uchawi, hutaki? Alafu ukaja kulia we mwenyewe. Ila naona tunabishana bure maana hawa watu wawili hawaulizi swali moja. Mkorea akikuta maiti anachotaka kujua ni nani kaifunika hii kesi. Mjapani anataka kujua huyu aliyeua ilikuwaje mpaka akafika hapo. Nani kaua, wote wawili hawajali kihivyo, na ndo maana ukiangalia ya Kijapani huku unasubiri jibu la Kikorea lazima uone imepoa.

Chukua Stranger, ile ya 2017 ya Cho Seung-woo na Bae Doona. Mwendesha mashtaka anaenda nyumbani kwa mtu anamkuta keshauawa, fundi wa kebo ya TV aliyekuwa amekuja siku hiyo anakamatwa, video ya kamera ya kwenye gari inammaliza, kesi imeisha, tena haraka kweli. We ukiwa mgeni unasema haya, sa hizo epsodi zingine zote zilizobaki wataongea nini? Kumbe ndo kwanza inaanza. Yule fundi ni dagaa, papa wako juu huko, na kila mlango ukifunguliwa unakuta mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wa jana. Wenzetu Korea waendesha mashtaka walikuwa na nguvu sijui nisemeje, kwa miaka mingi wao ndo walikuwa wanaongoza upelelezi na polisi wanawafuata, kwahiyo ukitaka kuandika stori ya rushwa huna haja ya kwenda mbali. Season ya pili, ya 2020, karibu yote ni polisi na waendesha mashtaka wanagombania nani awe na mamlaka ya kupeleleza. Ungeniambia nitakesha na vikao vya ofisini ningekucheka, lakini nilikesha. Na yule Hwang Si-mok, alifanyiwa operesheni ya ubongo utotoni hisia zikaondoka, uso hausomeki, afu kuna mahali anatabasamu kidogo tu na mi nikapiga kelele nikaamsha watu. Bae Doona pembeni anachora vikatuni vyake. Hamna mapenzi humo, hamna hata kushikana mikono, na hukulalamika! Kwahiyo usiniambie unataka ngumi.

Haya tuje Signal, maana hapa ndo nilitaka kufika. Unajua kwa nini ile stori ina hasira vile? Zamani Korea kesi ya mauaji ilikuwa na muda wake, miaka 15, baadaye 2007 wakaongeza ikawa 25. Muda ukipita basi, hata muuaji akija mwenyewe kituoni akasema ni mimi, hawamfanyi kitu. Wakaja kuifuta hiyo sheria Julai 2015, na Signal ikaanza kuonyeshwa Januari 2016, yaani kidonda kibichi kabisa. Kumbuka zile epsodi za mwanzo, mtuhumiwa yuko mbele yao kwenye chumba cha mahojiano, saa ya ukutani inasogea, na anachotakiwa yeye ni kukaa kimya tu mpaka saa sita usiku ipite. Kukaa kimya tu Zuu! Hamna kukimbizana na magari hapo, ni meza na saa na mama wa mtoto aliyeuawa nje, na mi mapigo ya moyo nilikuwa nayasikia masikioni. Mwandishi ni Kim Eun-hee, huyu mama akili yake sijui anaifanyia sevisi wapi.

Alafu kuna lile la wale wanawake wanaouawa mmoja mmoja na polisi wanababaika. Hilo halikutoka hewani. Hwaseong, kusini ya Seoul, kati ya 1986 na 1991 wanawake na mabinti kumi waliuawa na muuaji hakupatikana. Signal inaonyeshwa 2016 muuaji wa kweli alikuwa bado hajulikani. Sasa 2019 DNA ikamtoa. Na alikuwa wapi? Jela tayari, anatumikia kifungo cha maisha tangu zamani kwa kumuua shemeji yake mwaka 1994. Akakiri yote, ila kwa hizo za Hwaseong hawakuweza kumshtaki maana muda wake uliisha 2006 na sheria mpya haikurudi nyuma. Na baya zaidi, kuna mwanaume alikuwa ameshafungwa miaka 20 kwa moja ya yale mauaji, hakuhusika, aliyekiri ni huyu, mahakama ikaja kumsafisha Desemba 2020. Mi nilipoyajua hayo nikarudia Signal nzima na safari hii nikaogopa, maana Lee Jae-han, yule polisi wa zamani, anavyopiga kelele kwenye ile redio saa tano na dakika 23 usiku sikumuona tena kama polisi wa kwenye TV.

Sasa Wajapani nao walikuwa na sheria hiyo hiyo, wao wakaifuta kwa mauaji mwaka 2010. Na waliitumia kwenye tamthilia miaka na miaka. Keizoku ya 1999, yule dada Miki Nakatani nywele hajaosha sijui tangu lini, yuko kitengo cha kesi zilizozeeka, watu wamewatupa huko chini wasahaulike. Kwahiyo 2018 walipoamua kuitengeneza Signal ya kwao nikasema hapa kazi ipo, hii wanaijua. Kentaro Sakaguchi ndani, wimbo wameimba BTS, nini tena. Shoga, haikukaa. Sio mbovu, ila waliibana kwenye epsodi kumi, za Wakorea zilikuwa 16 na kila moja ni saa na kitu, hizi dakika arobaini na kitu kwisha. Kilichokatwa sio matukio, matukio yapo, kilichokatwa ni ule muda wa kumuona mtu anasubiri. Na kingine, walichukua hasira ya Kikorea wakaivalisha adabu. Wakubwa wanaofunika kesi wapo, ila wanaongea taratibu mpaka unasahau kuwachukia. Hapo nakupa pointi moja, chukua.

Ila pointi ndo hiyo moja.

Unasema Wajapani wanaongea tu. Ni kweli wanaongea! Angalia hii ya 2022, Mystery to Iu Nakare, imetoka kwenye manga, yaani kitabu cha katuni, ya Yumi Tamura. Kijana wa chuo, nywele zimejaa kichwa kizima, yuko kwake anapika kari, polisi wanamchukua wanasema umemuua mwenzako wa chuo. Epsodi ya kwanza karibu yote yuko kwenye kiti kituoni. Sasa polisi mmoja kijana pale ana matatizo na mke wake, anajitetea kwamba nyumbani anasaidia, takataka anatoa yeye. Yule mwanafunzi anamuuliza kwa upole kabisa, kutoa takataka unaanzia wapi? Mfuko ukishafungwa upo mlangoni ndo unaubeba? Nani kapita kila chumba kakusanya, nani kabagua, nani kaweka mfuko mpya? Nilisimamisha nikamuita dada yangu aje aangalie, tukaangalia tena, yule polisi anavyokaa kimya. Na usidhani ni porojo pembeni ya kesi, hivyo hivyo anavyowasoma ndo anavyokuja kumpata mhusika, amekaa kwenye kiti chake hana hofu. Hiyo ni ngumi, ila imepigwa na mtu aliyekaa.

Na hawajaanza leo. Furuhata Ninzaburo, 1994, kaandika Koki Mitani ambaye ni mtu wa jukwaani. Muuaji unamuona mwanzoni kabisa anaua, hamna siri. Alafu anakuja mpelelezi, Masakazu Tamura, na suti nyeusi na baiskeli yake, mpole, anasumbua, anauliza vitu vya kijinga. Karibu na mwisho taa zinazimika, anabaki yeye tu kwenye mwanga, anakugeukia we mtazamaji anakuambia kama vile, haya umeshaona nilivyoona mimi, mpaka sasa hujajua alikosea wapi? Dah. Na wewe hujajua! Tamura alifariki 2021 na mi sijaona tena wa kumfikia, hata yule mpelelezi wa season ya Aibou anayemimina chai kutoka juu kama anaonyesha mazingaombwe, nampenda, lakini Aibou inaenda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na saa zingine inaenda tu kwa sababu imezoea kwenda.

Nikubali na vituko vyao vingine nisionekane nina upendeleo. Kulikuwa na zile za saa mbili mbili za kwenye TV, Saturday Wide Theater ilianza 1977 ikaja kufungwa 2017, humo bwana muuaji lazima aende kwenye jabali juu ya bahari, upepo unapiga, polisi wamesimama nyuma wanasubiri amalize kuhadithia maisha yake. Kwa nini jabali? Wajapani wenyewe wanataniana kuhusu hilo. Na Galileo ya 2007, Fukuyama anayecheza mwanafizikia kazuri nani anabisha, ila kila akipata jibu lazima apige goti chini aanze kuandika hesabu, popote pale, nilikuwa naenda kuchota maji ya kunywa narudi bado anaandika.

Ila Zuu, nipe Unnatural. Hiyo nakuomba. 2018, epsodi kumi tu, kaandika Akiko Nogi, Satomi Ishihara ni daktari wa kupasua maiti kwenye maabara ya kujua watu wamekufa na nini. Epsodi ya kwanza kijana kafariki ghafla, wakubwa wanasema moyo, wazazi hawakubali. Wakipima wanakuta MERS, kirusi cha mapafu cha jamii ya corona, na jamaa alikuwa ametoka safari ya kikazi Saudia. Basi nchi nzima inamgeukia marehemu, yeye ndo kaleta ugonjwa, wazazi wake wanainama mbele ya kamera wanaomba radhi kwa ajili ya mtoto waliyemzika. Na hii ilionyeshwa Januari 2018, corona bado kabisa. Yule daktari, Mikoto, hakubali. Anarudi kwenye tarehe, nani alimbusu lini, alienda hospitali siku gani, anahesabu siku za dalili moja moja. Siendelei. Nakuambia tu kwamba muuaji wa kushikwa mkono pale hakuna, na bado ilinibana koo kuliko psychopath yeyote wa Kikorea.

Na hao psychopath, Wakorea wapumzike nao jamani. Imefika mahali kila mwaka kuna mtoto aliyezaliwa na ubaya kwenye damu, Mouse ya 2021 ndo wakaleta mpaka stori ya jini, ile ya kwenye DNA sio ile ya shetani, ingawa ilivyokuwa inaenda heri ingekuwa ya shetani. Ukishasema mtu kazaliwa hivyo umejitoa kwenye swali la kwa nini, na mi hilo ndo swali nililolifuata.

Ndo maana kama ukiniuliza Mkorea gani namuweka juu kabisa sikutajii Signal, nakutajia Beyond Evil. Ya kituo cha TV cha JTBC, 2021, ikachukua tamthilia bora kwenye tuzo za Baeksang za huko Korea mwaka ule ule, na Shin Ha-kyun muigizaji bora. Mji mdogo unaitwa Manyang, watu wanakutana kuchoma nyama kwenye bucha ya mwenzao, wote wanajuana tangu utoto. Dada pacha wa polisi anayechezwa na huyo Shin Ha-kyun alipotea miaka ishirini nyuma, zikabaki ncha za vidole kumi zimepangwa nje ya nyumba, na yeye mwenyewe kaka mtu ndo alishukiwa. Sasa ni polisi hapo hapo mjini, anacheka cheka vibaya, kijana kutoka Seoul anakuja kumchunguza. Mimi yule mtu sikumuamini, nikamuamini, nikarudi kutomuamini. Muuaji wanampata katikati! Alafu ndo wanaanza kuulizana wao kwa wao pale buchani nani alijua nini na kwa nini alinyamaza, watu wanaopendana kabisa. Waliofunika wapo kama kawaida ya Wakorea, ila kila mmoja anaulizwa ilikuwaje mpaka ukafunika. Uvumilivu wa Kijapani huo na hasira za Kikorea sahani moja.

Kwahiyo fanya hivi. Kwenye flashi nimekuwekea Unnatural, ile ya takataka, na Beyond Evil. Furuhata nimekuwekea chache tu nilizopata zenye maandishi ya Kiingereza, picha sio kali uvumilie. Anza Unnatural, epsodi mbili kabla hujaniambia chochote. Kama utaipenda kuna MIU404 ya mwandishi huyo huyo, polisi wawili kwenye gari, na 2024 wakazikutanisha zote kwenye filamu inaitwa Last Mile, hiyo bado naitafuta. Kaka yako atapita kuchukua flashi Jumamosi, mwambie asiifute aweke mpira kama mwaka jana.

Na Beyond Evil usisome mtandaoni kabla, nakujua. Ukifika pale muuaji anapopatikana nipigie muda wowote, hata usiku wa manane.

Wako,
Mwana