Chupa Inakuja na Shemeji Yako

Lyon, 12 Oktoba

Neema mwenzangu,

Habari za huko? Mama hajambo? Sisi wazima, ila baridi imeshaanza na mwanao hataki kuvaa soksi.

Shemeji yako anasafiri Jumamosi. Nimempa chupa ya divai nyekundu akuletee. Najua utanuna, maana tangu harusi ya Upendo umeapa kwamba divai nyekundu ni dawa ya mizizi, inakausha ulimi. Hii ionje kwanza ndipo useme.

Inatoka Villié-Morgon, kijiji cha Beaujolais, kaskazini ya hapa Lyon. Ni ya familia ya Lapierre. Mzee Marcel alifariki mwaka 2010, sasa shamba wanaliendesha wanawe, Mathieu na Camille.

Ule ukakasi unaoulalamikia hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu. Zabibu ya huku inaitwa Gamay na haina ukakasi mwingi, halafu wana namna yao ya kuitengeneza. Wanachuma kwa mkono, vishada vinaingia pipani vizima vizima bila kupondwa. Punje za chini zinapasuka kwa uzito wa zile za juu, maji yake yanaanza kuchachuka, pipa linajaa gesi ya kaboni. Zile za juu zikikosa hewa, zinaanza kuchachuka kwa ndani, ganda likiwa bado zima! Ndiyo maana ukiinusa unapata stroberi na cheri, na ukiinua glasi dirishani unaviona vidole vyako upande wa pili.

Kuna mtawala wa zamani wa Burgundy, kaskazini ya Beaujolais, Philippe le Hardi, aliyeamuru mwaka 1395 Gamay ing'olewe, eti ni mmea mbaya. Alitaka watu wapande Pinot Noir. Bwana mkubwa alikosa uhondo. Gamay ikastawi kusini, Beaujolais, kwenye udongo wa mawe ya itale.

Mtu akikwambia Beaujolais ni ile divai changa tu inayofunguliwa kwa shangwe Alhamisi ya tatu ya Novemba, mwache aseme. Hii yako ni ya Morgon, moja ya sehemu 10 za Beaujolais zenye jina lake kwenye chupa, na divai yake inaweza kukaa miaka. Lakini wewe usiifungie kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Inywe.

Wanatengeneza ya aina mbili, isiyotiwa salfa, ile dawa ya kuzuia divai isiharibike, na yenye salfa kidogo. Nimekuchukulia ya pili, maana ile ya kwanza haitaki joto la kuzidi nyuzi 14, na Dar naijua. Iweke kwenye friji saa moja na nusu kabla ya kufungua. Wapo watakaokwambia nyekundu haipozwi. Hao waache na uvuguvugu wao. Kaanga changu, au kuku wa kuchoma, pilipili kidogo. Na Baraka asithubutu kuweka barafu wala kuchanganya na soda, namjua huyo.

Shemeji yako anatua usiku, Baraka akampokee tafadhali. Begi lisirudi tupu: nataka korosho za Mtwara na dagaa wa Kigoma, wale wasio na mchanga. Pesa ya dagaa anayo yeye, mdai kabla hajaanza kuzunguka kwa ndugu zake.

Wako,
Anna