Dada wa sweta ya kijani, asante

Sikukuuliza jina, nawe hukuuliza langu. Tulikuwa kwenye foleni ya kipimo cha umeme wa moyo, mimi nimeikunja karatasi ya daktari mpaka imelowa jasho. Usiku kucha sikupata usingizi. Kila moyo ulipodunda kwa nguvu nilijiambia, basi, ndiyo hiyo.

Ukaniuliza naogopa nini hasa. Nikasema (leo najicheka mwenyewe) naogopa kupigwa shoti. Hukunicheka. Ukanieleza kwamba mashine haikupi umeme wowote, inausoma tu ule ambao moyo wenyewe unautoa. Watakubandika vibandiko 10, 6 kifuani na 4 mikononi na miguuni, utulie bila kuongea, dakika chache umemaliza. Kisha ukanifundisha kuvuta pumzi polepole na kuishusha polepole zaidi, huku ukinihesabia kwa vidole juu ya goti lako.

Vibandiko vilikuwa baridi, hilo hukunitajia! Nikafumba macho, nikahesabu vidole vyako.

Nilipotoka, kiti chako kilikuwa kitupu. Majibu bado nayasubiri, ila jana nimelala. Asante sana, dada yangu.