Buti za msituni: ulizeni miiba kwanza, maji baadaye

Kwako Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote.

Mimi ni fundi wa viatu hapa Gikomba na naandika juu ya hizi buti watu wanakimbilia mvua ikianza tu. Wale wa kupanda Ngong Hills wikendi, masorovea, vijana wa kufyeka ploti huko Kitengela, wote wakifika hapa swali ni moja, fundi hii ni wotaprufu? Hakuna anayeniuliza kama itahimili miiba. Na mimi ndiye nafungua hivyo viatu kwa kisu vikisharudi kuwa vibovu, na vile vya kutembea vichakani mara nyingi chanzo si maji, ni mwiba.

Wacha nieleze. Buti nyingi za kitambaa zenye zimeandikwa eti hazipitishi maji, ukichana kile kitambaa cha nje, kabla hujafika kwa bitana, utakuta utando mweupe mwembamba sana. Hiyo ndiyo Gore-Tex ama za kufanana nayo, Bob Gore aliivumbua kule Marekani 1969 alipovuta plastiki moja kwa nguvu ghafla ikajaa vitundu vidogo mno, mvuke wa jasho unatoka lakini tone la maji haliingii. Ni kitu kizuri kabisa na siipingi, kwa lami ama kwa zile njia safi za msitu wa Karura itakutumikia vizuri. Lakini ipeleke kwa migunga siku moja tu, mwiba unapita kitambaa unapita na ule utando, unachomoka, na tundu lenyewe huwezi kuliona hata ukivaa miwani. Kutoka siku hiyo nyasi yenye umande inatosha kukulowesha soksi, halafu ubaya mwingine maji yakishaingia ule utando unayafungia ndani, kiatu kinakaa kibichi mpaka kinaanza kunuka.

Sasa kuna buti zinakujanga kwa marobota ya mitumba kutoka Marekani watu wanaziruka ati ni nzito ama hazina staili, na ndizo ningewaambia wazikamate, zile za wawindaji wa sungura. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977 kwa hivyo sisemi mtu aende kuwinda, nasema kiatu. Sungura wa kule hakai uwanjani, anajificha ndani ya vichaka vya miiba, mbwa wakimfuata anazunguka anarudi karibu na pale alipotokea, kwa hivyo mwindaji lazima aingie kichakani mwenyewe na atembee mchana mzima kwa nyasi zilizolowa ama theluji. Kiatu chake basi kimetengenezewa mambo mawili kwa pamoja, miiba na unyevu, na bado kiwe chepesi cha kutosha kutembea nacho. Nyingi chini ni raba kuzunguka mguu wote, juu ni ngozi nene mpaka kupita kifundo.

Mtindo huo ulipata jina na mtu anaitwa L.L. Bean wa jimbo la Maine huko huko Marekani, 1912. Pea 100 za kwanza alizouza, 90 zilirudishwa sababu mshono kati ya ngozi na raba uliachia, akarudishia watu pesa zao, akakopa, akatengeneza upya. Nataja hiyo stori kwa sababu mpaka leo hapo ndipo pa kuangalia. Kunja kiatu pale ngozi inakutana na raba, ukiona uzi umekatika ama kuna mwanya wa kuingiza kucha, hiyo si wotaprufu hata iandikwe nini.

Kama unachukua ya ngozi tupu, tafuta yenye vipande vichache, manake kila mshono ni mlango wa maji, na ulimi wake uwe umeshonewa pande zote mbili mpaka juu, la sivyo maji na mbegu za nyasi zitapitia kwa kamba. Juu ifike juu ya kifundo. Nyoka kifutu analala njiani hakimbii ukikaribia, na akigonga mara nyingi ni chini hapo hapo. Na soli tafadhali ibonyeze kwa kidole gumba! Kuna zile soli za povu zinaozeshwa na unyevu wa hewa hata kama kiatu kimekaa tu stoo miaka bila kuvaliwa, kinang'aa vizuri sana, unalipa, unapanda nacho Ngong na soli inabaki huko juu vipande vipande. Ikikatikia kidoleni kama mkate uachie hapo hapo mezani.

Gambuti nazo ni za aina mbili na wauzaji wanazichanganya. Ya raba yenyewe inakunjika na kurudi, ikitobolewa na mwiba fundi wa panchari anaibandika kiraka. Ya plastiki ni ngumu, inapasukia pale mguu unapokunjika, na ile gundi ya panchari haiishiki. Kwa matope meusi ya Kitengela na Athi River hakuna kitu inashinda gambuti, hilo sibishi, ila chagua ya raba.

Kupima si kazi. Jaza gazeti kavu ndani ya buti, isimamishe kwa beseni maji yafike juu ya ule mshono lakini yasipite mdomo wa kiatu, kaa hivo nusu saa, toa gazeti uangalie wapi pamelowa. Hapo ndipo unaniletea nishone na nipake nta ya nyuki. Na usikaushe kando ya jiko, ngozi inapasuka na gundi inaachia, weka gazeti ubadilishe likilowa, kivulini.

Kitu kinaniuma zaidi ni hao vijana wa kufyeka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga, na wengine huwa wananunua kweli, lakini wananunua gambuti ya plastiki ile rahisi kabisa ndiyo waseme wamenunua, kijana anaingia kwa miiba nayo na kabla kazi iishe amefunga mguu kwa karatasi ya nailoni ndani ya kiatu. Hata kipande cha turubai kuukuu kikishonwa kuzunguka muundi kingemsaidia, na ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote hapa sokoni.

Na nyinyi mkiandika juu ya vifaa vya wikendi, Mhariri, mwulizeni anayeuza ameipitisha hiyo buti kwa miiba gani.

Ni mimi fundi wa viatu,
Gikomba, Nairobi.