Wazee wahojiwe mmoja mmoja kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaozunguka Mji wa Kale wa Mombasa wakirekodi kumbukumbu za wazee kwa simu zao. Kazi yao ni njema na ilichelewa kuanza, lakini inanitia wasiwasi kwamba huwakusanya wazee barazani, kahawa ikimiminwa, wakawauliza wote kwa pamoja.

Nilihudhuria kikao kimoja ambapo habari iliyoulizwa ilikuwa ajali ya feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyoua watu 272. Mzee mmoja alianza kwa kusema kuwa asubuhi hiyo alikuwa sokoni Kongowea, na habari aliletewa huko huko. Mazungumzo yalipokolea, mzee huyo huyo alikuwa akieleza vilio vilivyotoka majini na kanga zilizoelea, mambo ambayo jirani yake ndiye aliyeyataja mwanzo. Hakusema uongo, na naomba asidhaniwe hivyo. Aliyapokea kwa mwenzake yakachanganyika na yake.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Fiona Gabbert na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa video za tukio moja zilizopigwa kutoka pembe tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake ameona kama alivyoona yeye. Asilimia 71 ya waliozungumza wawili wawili walikuja kutaja angalau jambo moja ambalo hawakuliona bali walilisikia kwa mwenzao, na vijana hawakuwa na nafuu kuliko wazee. Kwa hiyo tusiusingizie uzee.

Tena hasara si ya kuongezewa tu. Wanaokumbuka pamoja hutaja machache kuliko jumla ya ambayo wangeyataja kila mmoja akiwa peke yake, kwa sababu maneno ya mmoja hukatiza mawazo ya mwingine, na lile analoliruka msemaji huweza kuwatoka hata waliokuwa wakilijua. Barazani wasemaji ni wanaume. Akina mama waliofiwa Mtongwe wako majumbani, na katika kikao kile hapakuwa na aliyewahi kuwabishia hodi.

Sisemi baraza ziachwe, maana ndizo zilizotuhifadhia mengi. Ninaloomba ni kila mzee ahojiwe kwanza nyumbani kwake, peke yake, aulizwe lipi aliliona kwa macho na lipi alilisikia na kwa nani, kisha rekodi hiyo iwekwe kama ilivyo kabla ya kikao cha pamoja. Na waanze na akina mama wa Mtongwe na Likoni.

Mkazi wa Kibokoni,
Mombasa