Barua kwa Mwanangu Aliyeko Mtumba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mpwapwa. Baba yako hajambo, ila mguu unamsumbua baridi ikizidi. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma, ule wa kutaka kuacha kazi ya serikali hapo Mtumba kwa kuwa hujapandishwa cheo.

Mwaka 2016 vyeo viliposimamishwa nchi nzima kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi, tulikwama wote, na baadaye wengine wakapandishwa kwa mserereko, kufidia muda waliocheleweshwa. La kwako ni tofauti. Wenzako mlioajiriwa pamoja wameshapanda daraja. Wewe unaambiwa "bado linashughulikiwa" tangu ulipokataa kusaini orodha ya posho ya safari ya Kondoa ambayo hukwenda. Hiyo si bahati mbaya, tusidanganyane.

Kukataa ulifanya vyema. Nimezeekea masijala, mchezo ule naujua. Kitabu cha safari kinajazwa na gari halijatoka getini, risiti za mafuta zinatafutwa, kisha yanapangwa majina ya vijana kwa kuwa vijana hawaulizi. Mkaguzi akija, bosi hana sahihi hata moja pale. Yako ingekuwepo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamfanya anayetumia nyaraka ya uongo kumdanganya mwajiri kuwa mkosaji, na "niliagizwa" si utetezi wa kuutegemea.

Sasa acha kulalamika kwenye korido. Maneno ya korido hayana Kumb. Na., ile namba ya kumbukumbu ya barua. Mwandikie mwajiri, kupitia kwa mkuu wako wa idara, uambatishe barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na tathmini zako za PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi. Humo zungumzia daraja na tarehe tu. Posho usiitaje hata kwa fumbo. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Karani akisema "acha tu hapo", usiache. Msalimie vizuri, muulizie watoto, usubiri. (Hata mimi niliwahudumia kwanza walionipa shikamoo.)

Wasipokujibu, au wakikujibu ovyo, ipo Tume ya Utumishi wa Umma, hapo hapo Dodoma. Ukishapata uamuzi kwa maandishi, hesabu siku 45 za kukata rufaa, wala usingoje ya mwisho. Nimeona watu wenye haki kabisa wakikosa kwa kuchelewa tu.

La posho lina mlango wake: TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba 113, kupiga ni bure. Ukiyachanganya mawili haya kwenye barua moja, watasema umenyimwa cheo ndiyo maana unachongea watu, na yote mawili yatakufa.

Kuacha kazi, hapana, si sasa. Ukitoka leo jalada lako linabaki mikononi mwao, na watakachoandika humo hutakuwepo kukijibu. Endelea kuingiza majukumu yako kwenye mfumo kwa wakati, hata kama msimamizi hayafungui. Saa ya kutoka ikifika, toka. Nenda soko la Majengo kanunue mlenda, upike, ulale. Kesi ya ofisini usiifanye mke wa pili nyumbani kwako. Mkwe wangu amenipigia akilalamika.

Rasimu ya barua nitumie kabla hujaichapa. Hasira zako nazijua, na kila penye neno "uonevu" nitapiga mstari.

Mama yako