Kamera ya bodaboda: mahali pa kuifunga ndipo pa kuanzia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na madereva wa bodaboda na wamiliki wa pikipiki wa mikoa ya Mtwara na Lindi ambao wameanza kununua kamera ndogo za kurekodi safari. Kazi yangu ni kutengeneza umeme wa pikipiki hapa Mikindani, na kamera hizo naletewa mara kwa mara, nyingi zikiwa zimeharibika kabla hazijamsaidia mwenyewe kwa lolote. Nia ya kuzifunga naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu dereva akigongwa na gari pale njiapanda ya Mnazi Mmoja, au akisingiziwa kosa asilolifanya, mara nyingi hana cha kujitetea zaidi ya maneno yake. Tatizo ni kwamba mnunuzi huuliza kwanza picha ina ukali kiasi gani, na habari ya mahali pa kuifunga humjia akiwa ameshalipa.

Pikipiki tunazotumia huku, Boxer, TVS na nyingine za aina hiyo, zina injini ya silinda moja, na silinda moja hutikisa usukani, vioo na tanki muda wote injini inapozunguka. Kamera nyingi za bei nafuu hazinasi picha nzima kwa mara moja. Huinasa mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Mtikisiko ukiwa wa kasi, mistari ya juu hunaswa kamera ikiwa imeelekea huku na ya chini ikiwa imeelekea kule, na picha hutoka inachezacheza kama uji kwenye bakuli. Hapo namba ya gari haisomeki, hata kama boksi la kamera limeandikwa 4K, yaani picha yenye ukali mkubwa. Hali hiyo hiyo huwakuta wanaofunga simu usukanini ili irekodi: mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilitahadharisha kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake, na kwa pikipiki ndogo ikashauri kitumike kishikio chenye kupunguza mtikisiko.

Mahali ninapopaamini kwa pikipiki ya biashara ni katikati ya usukani, karibu kabisa na pale unapoungana na foki, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, kwa sababu hapo bomba halichezi kama linavyocheza kwenye ncha zake. Mguu wa kioo cha pembeni ndio wengi wanaoupenda kwa kuwa ni rahisi kufungia, lakini ni chuma chembamba kilichosimama juu, na hutikisika kuliko sehemu nyingine zote za mbele. Bomba la usukani wa pikipiki nyingi ndogo lina kipenyo cha milimita 22, hivyo kibano kinunuliwe cha kipimo hicho, kiwe cha chuma, na katikati ya kibano na bomba kiwekwe kipande cha mpira wa tyubu ya zamani. Baada ya kukaza, dereva akate usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho huku akitazama kama waya wa klachi au wa breki unapita mbele ya lenzi. Ni jambo dogo, lakini nimeona rekodi za safari nzima ambazo nusu ya picha ni waya wa klachi. Kamba fupi imara ifungwe kutoka kwenye kamera hadi kwenye fremu, ili kibano kikilegea barabarani kamera ibaki ikining'inia badala ya kukanyagwa na lori linalofuata.

Helmeti hutoa picha iliyotulia zaidi, kwa kuwa shingo ya mtu humeza mtikisiko, na kamera hutazama anakotazama dereva. Hata hivyo wapo wanaoitoboa helmeti ili wapitishe skrubu, na hilo kwangu ni hatari kuliko kukosa kamera kabisa, kwa sababu ganda lililotobolewa haliwezi tena kuhimili pigo lililokusudiwa. Anayetaka kuiweka huko atumie kishikio cha gundi, tena kile kitakachobanduka helmeti ikigonga kitu. Kamera ya kutazama nyuma ina tabu yake: msimu wa korosho ukifika na magunia yakapakiwa, haioni chochote.

Umeme nao unahitaji uangalifu. Betri ya ndani ya kamera ndogo huisha kwa saa moja au mbili, na kamera iliyoachwa juani mchana kutwa huvimba betri hiyo, hivyo inayotumia kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, badala ya betri ndiyo inayofaa kwa joto letu. Ilishwe na betri ya pikipiki kupitia kifaa cha kushusha volti 12 kuwa volti 5, chenye fyuzi ya ampea 2, na waya uchukuliwe baada ya swichi ya ufunguo ili pikipiki ikizimwa kamera nayo izime. Waya wa taa ya mbele usiguswe, maana kwenye pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili inayozalisha umeme kwenye injini, na volti zake hupanda na kushuka kadiri mafuta yanavyovutwa. Kuhusu maji na vumbi, alama ya IP67 maana yake ni kwamba vumbi haliingii na kamera inahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Lakini kinga hiyo haipo tena pale kifuniko cha tundu la chaji kinapoachwa wazi ili waya uingie, na mchanga laini wa njia za Tandahimba na Newala huliona tundu hilo upesi. Sisi wa pwani tukumbuke pia chumvi ya hewani: boliti ziwe za aina isiyoshika kutu.

Sasa ndiyo tuje kwenye ukali wa picha. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa husogea takriban mita 14 kwa sekunde, hivyo kamera inayonasa picha 30 kwa sekunde huruka karibu nusu mita kati ya picha moja na nyingine. Kwa hiyo ni heri kamera ya 1080p, ambayo ukali wake ni mdogo kuliko wa 4K, yenye picha 60 kwa sekunde, kuliko ya 4K yenye picha 30, ambayo hujaza kadi ya kumbukumbu upesi na kuchemka. Usiku, kwa taa zetu hizi, namba husomeka gari likiwa karibu tu. Dereva aitamke kwa sauti na kamera itaihifadhi. Kitambuzi cha ajali cha kamera kipunguzwe usikivu hadi chini kabisa au kizimwe, la sivyo kila shimo huhesabiwa kuwa ajali, faili hufungwa lisifutike, na kadi hujaa likitokea tukio lenyewe.

Tarehe na saa zirekebishwe mara tu kamera inapofungwa, kwani nyingi hufika zikiwa na saa ya nchi zilikotengenezwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, lakini mahakama hupima jinsi rekodi ilivyotengenezwa na kutunzwa. Dereva aliyepata ajali azime kamera, atoe kadi, na asiikate wala kuisambaza video kwenye makundi ya simu. Majeruhi na abiria wanaoonekana humo wana haki zao chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba uwaalike askari wa usalama barabarani wa mikoa yetu miwili waeleze katika ukurasa huu namna dereva anavyotakiwa kukabidhi kadi kituoni na hati gani adai wakati wa kuikabidhi.

Wako,
Fundi umeme wa pikipiki,
Mikindani, Mtwara