KUH: Gurudumu la nyuma na kaseti ya gia 11 visivyokubaliana

Karakana ya baiskeli,
Tororo.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampala.

Bwana Meneja,

Tuliagiza kwenu gurudumu la nyuma na kaseti (rundo la sproketi, yaani vigurudumu vyenye meno ya kushika mnyororo) ya gia 11 ya baiskeli ya barabarani, meno 11 hadi 28, kwa mteja wetu anayepanda mlima wa Kapchorwa. Kabla ya kulipa tulimuuliza muuzaji wenu kama vitakubaliana. Akasema bila wasiwasi, na habu (kitovu cha gurudumu) ina stika ya "8/9/10/11".

Havikubaliani. Frihabu, yaani sehemu yenye mifereji inayovaa kaseti, ni ile ya Shimano ya gia 8, 9 na 10. Kaseti yenu inataka frihabu iliyoizidi hiyo urefu kwa milimita 1.85. Kwa macho huoni tofauti, ila sproketi ndogo ya mwisho haikai kwenye mifereji na ringi ya kufungia haishiki thredi. Hata ukilazimisha, kaseti inacheza na mnyororo unaruka, na huyu mteja hupanda mlima akiwa amesimama kwenye pedali.

Fundi wenu alitushauri kwa simu tuongeze washa ya milimita 1.85. Washa hiyo ipo kweli, lakini ni ya kuvalisha kaseti ya gia 8 au 9 kwenye frihabu ndefu ya gia 11. Sisi tumepungukiwa nafasi, yeye anatuambia tuzidi kuijaza! Mwenzake naye akapendekeza tuipige tupa kaseti kwa nyuma. Kaseti mpya, tena imelipiwa yote.

Kuhusu stika, si uongo mtupu. Kaseti za gia 11 za baiskeli za milimani, zenye sproketi kubwa ya meno 40 au 42, huingia kwenye frihabu hii kwa sababu sproketi hiyo huning'inia juu ya spoku. Lakini ninyi mmetuuzia ya barabarani, na muuzaji aliyeulizwa waziwazi alipaswa kujua hilo. Baiskeli nyingi za mizigo hapa kwetu zina friwili ya gia moja inayokazwa kwa thredi, hazijui taabu hii. Anayeuza kaseti lazima ajue frihabu.

Tunataka mtubadilishie kaseti kwa ile ya Shimano CS-HG800 ya meno 11 hadi 34, ambayo ni ya gia 11 na inakaa kwenye frihabu hii bila washa. Derela ya mteja (kifaa kinachohamisha mnyororo kati ya gia) ina mkono mrefu, meno 34 inayabeba. Kama hamna, leteni gurudumu lenye frihabu ya gia 11 ya barabarani, au rudisheni pesa zote. Usafiri wa kwenda na kurudi ni juu yenu.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya wiki mbili. Likikosekana, tutampa mteja nakala ya risiti yenu na barua hii aende nazo kwa wakili wake.

Wako,
Msimamizi wa karakana